Ng'ombe, Jembe na Neno "Mahari": Ndoa za Wateso na Waluhya katika Mpaka wa Busia na Malaba

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo ndoa za jadi za Afrika Mashariki pana mazoea ya kulinganisha kwa kuhesabu. Jamii moja hutoa ng'ombe kadha na mbuzi kadha. Jamii ya pili hutoa pungufu au ziada ya hao. Moja hupeleka pombe siku ya posa, nyingine huipeleka siku ya kumchukua mwari. Orodha mbili zikishawekwa sambamba, mwandishi hutangaza kwamba tofauti ni ndogo, au hutangaza kinyume chake, na makala huishia hapo. Ulinganishi wa aina hii huenda ukavumilika pale jamii zilinganishwazo zinapokaa mbali mbali. Haufai kitu Busia na Malaba, ambako Wateso na Waluhya wameoana kwa muda unaozidi karne moja, na ambako baba wa bibi arusi na baba wa bwana arusi wanaweza kuelewana kabisa juu ya idadi ya mifugo huku kila mmoja akiwa na fikra yake juu ya jambo wanalolitenda. Makala haya yanashikilia kwamba kinachozitenga mila hizi mbili si mifugo. Ni njia ambayo mwanamke aliyetoka nje hugeuzwa kuwa wa nyumba aliyoolewa. Aidha, yanashikilia kwamba neno "mahari", ambalo Kiswahili kimezipa pande zote mbili, limeifunika tofauti hiyo badala ya kuifunua.

Mahali penyewe panahitaji kuelezwa. Hadi mwaka 1902 nchi yote inayoitwa leo Kenya ya Magharibi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Mwaka huo mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka mpya, uliofuata kwa sehemu Mto Sio na Mto Malaba hadi kuufikia Mlima Elgon, ukawagawa Wasamia na Wateso pande mbili bila ya wao kuulizwa. (Idi Amin alipodai nchi za magharibi ya Kenya mwezi Februari 1976, alikuwa akifufua ramani hiyo ya kabla ya 1902.) Reli iliyopita Malaba kuelekea Tororo katika miaka ya 1920 iliuthibitisha mpaka kwa chuma, na miji miwili yenye jina moja ikaota kila upande: Busia na Busia, Malaba na Malaba. Upande wa Kenya, Wilaya ya Teso ilimegwa kutoka Wilaya ya Busia mwaka 1995. Tangu 2013 zote mbili zimo katika Kaunti moja ya Busia. Wateso wamo Teso Kaskazini na Teso Kusini. Wakhayo wamo Nambale na Matayos, Wamarachi wamo Butula, Wasamia wamo Funyula, na Wanyala wamo Budalangi.

Hao wanne wa mwisho ndio Waluhya wa makala haya, ingawa jina hilo lina umri mdogo kuliko mila linazosemekana kuzibeba. Lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, na kabla ya hapo Msamia alikuwa Msamia na Mkhayo alikuwa Mkhayo. Lugha zao ni za Kibantu. Wateso, au Iteso kama wanavyojiita, ni wa jamii ya Ateker pamoja na Wakaramojong na Waturkana, na lugha yao haina udugu wowote na za majirani zao. Waluhya waliwaita Abamia. Kwa hiyo tunu ya mahali hapa kwa mtafiti ni hii: kufanana kokote kunakoonekana katika ndoa hakuwezi kuelezwa kwa asili moja, sharti kuelezwe kwa ujirani, vita, njaa, soko, na wanawake waliovuka kutoka boma moja hadi jingine.

Vitabu vinavyotegemewa havikuandikwa kwa ajili ya watu hawa wa mpakani. Günter Wagner, ambaye kazi yake juu ya Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini ilitoka katika juzuu mbili, 1949 na 1956, aliwachunguza hasa Wamaragoli na Wabukusu. J. C. D. Lawrance, katika kitabu chake cha 1957, aliwaeleza Wateso wa Uganda, wale wa pande za Soroti na Kumi. Msamia wa Funyula anasomwa kwa macho ya Umaragoli. Mteso wa Amagoro anasomwa kwa macho ya Usoroti. Ivan Karp peke yake, katika utafiti wake wa 1978 juu ya Iteso wa Kenya, ndiye aliyeketi na watu wa upande huu na kuona kwamba hawakuwa tawi lililosahauliwa la ndugu zao wa kaskazini bali watu wenye historia yao. Mhakiki wa fasihi hana budi kukumbuka hayo kabla ya kunukuu, kwa sababu nyimbo nyingi za arusi zilizokusanywa vyuoni zimepangwa katika majalada ya kabila kwa kabila kwa kuvifuata vitabu hivyo, hata pale ambapo waimbaji wa arusi moja walitoka nyumba za lugha mbili.

Sasa neno lenyewe. "Mahari" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe. Si mali ya babaye. Waswahili wa pwani waliilinda tofauti hiyo kwa msamiati. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliandika katika mazingira ambamo kila kitoweo cha arusi kilikuwa na jina lake: mahari ya mke, kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama. Aliyesema "mahari" hakuwa amesema "mkaja". Kiswahili kilipopanda bara pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara, majina ya wazee yalibaki pwani. Lililosafiri ni moja tu, nalo likabandikwa juu ya ng'ombe wa Kavirondo na wa Teso, ambao hawakuwahi kuwa wa bibi arusi hata kwa siku moja. Kwa Waluhya jambo hilo huitwa kwa majina ya shina moja na *obukhwe*, yaani lile lile linalotaja ukwe. Ni jina la uhusiano kabla ya kuwa jina la mali. Katika Kiingereza suala kama hili lilizua mjadala: mwaka 1931 Evans-Pritchard alipendekeza kwamba istilahi yenye maana ya "bei ya bibi arusi" iachwe, itumike ile yenye maana ya "mali ya bibi arusi". Katika Kiswahili hapakuwa na mjadala. Neno lilipokewa kama lilivyo, na leo wazee wa Busia wanapokutana mbele ya mshenga, huku Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya tatu inayowakutanisha, husema "mahari" na kila mmoja husikia lake.

Husikia nini? Kwanza, kwa pande zote mbili mali hiyo hairundikwi. Ng'ombe aliyeingia kwa ajili ya binti hutoka kwa ajili ya kakaye. Wateso na Waluhya wanafuata ukoo wa baba na wanakataza ndoa ndani ya ukoo. Kwa hiyo kila boma hupoteza mabinti na kutafuta wake, na mifugo ndiyo inayouwezesha mzunguko huo. Ndugu na dada waliofungamana kwa mifugo kwa namna hii wana haki na lawama za pekee baina yao, na dada hajifichi kumkumbusha mke wa kaka kwamba amekuja kwa ng'ombe wake.

Lakini si ng'ombe tu. Vilima vya Samia vina madini ya chuma, na mafundi wa huko walifua majembe yaliyouzwa mbali katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Jembe hilo lilikuwa chombo cha shambani na papo hapo lilikuwa mali ya kuolea. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Panapokuwa na jembe katika ukwe, kijana asiye na zizi anaweza kuoa kwa kazi ya moto na nyundo, au kwa nafaka iliyonunulia jembe. Panapokuwa na ng'ombe tu, humngoja babaye na dadaye. Tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki kuanzia miaka ya mwisho ya 1880 na kuua makundi kwa makundi ilizipiga jamii zote, ila jamii yenye chuma ilikuwa na kitu cha kushika. Baadaye majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliyavunjia thamani yale ya Samia. Kodi ya nyumba ilileta sarafu. Na upande wa Teso ya Uganda pamba na plau la kukokotwa na maksai, vilivyoingia katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, vilimgeuza ng'ombe dume kuwa nguvu ya shamba. Ilipofika wakati wa vitabu vya akina Wagner na Lawrance, jembe lilikuwa limefifia na ng'ombe amesimama peke yake kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu kale.

Pombe nayo inafanana kupita kiasi. *Ajon* ya Wateso na *busaa* ya Waluhya hutengenezwa kwa nafaka, na wimbi ndilo lililokuwa msingi. Huongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mgeni anayepita Malaba jioni asingetofautisha duara moja na jingine. Karp aliiandikia makala maalumu mwaka 1980, akionyesha kwamba kwa Iteso duara la pombe ni picha ya jamii jinsi inavyopaswa kuwa: mahali pa kuketi, mkono wa kushikia mrija, nani asikae na nani. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake huepukana, na chungu ni mahali pa kwanza ambapo kuepukana huko huonekana. Waluhya nao wana heshima hiyo hiyo, hata njiani mkwe huchepuka. Katika jambo hili mtu wa Busia hahitaji mkalimani. Mteso anayeoa Bukhayo anajua tayari asimtazame nani usoni.

Tofauti huanza bibi arusi anapofika.

Kwa Waluhya kama walivyoelezwa na Wagner, na kama wazee wengi wanavyoeleza bado, arusi ina kilele kinachoonekana na kusikika. Bibi arusi husindikizwa na wasichana wenzake, pande mbili hutembeleana, nyimbo za kusutana hurushwa: wanawake wa upande mmoja wakiusimanga uhaba wa boma la wakwe, wale wa pili wakijibu kwa kukisimanga kiburi cha wageni. Uhakiki wa nyimbo hizi mara nyingi umeishia kwenye "ucheshi" wake. Inafaa kuonwa kwamba masuto hayo ni ushahidi wa hadhara. Kila boma linatangaza mbele ya mashahidi kwamba linamjua jingine na linakubali kuhusiana nalo. Kisha bibi arusi hupika katika jiko la mama mkwe mpaka apewe mafiga yake, na hapo nyumba yake husimama. Njia ni ya hadharani: kutoka uwanjani hadi jikoni.

Kwa Wateso njia kuu haipiti uwanjani. Si kwamba hawana ngoma. *Akogo* na *adeudeu* zimeshiba nyimbo za arusi. Ila kinachomfanya mke kuwa wa *ateker*, yaani ukoo, wa mumewe ni *etale*: mfumo wa miiko na ibada ambao kila ukoo una wake. Miiko hiyo huhusu vyakula na mavazi, na pia mambo ya kutendwa mtoto azaliwapo. Walinzi wake ni wanawake, na wengi wa wanawake hao wenyewe walizaliwa koo nyingine. Mke huingizwa katika etale ya mumewe na wake waliomtangulia, hasa kwa njia ya uzazi. Na mtoto anapopewa jina, nyanya huchovya kidole katika pombe na kukitia kinywani mwa mtoto huku majina ya wahenga yakitajwa, mpaka mtoto anyonye. Wanaume wamekwisha kumaliza hesabu ya ng'ombe zamani. Kazi ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji hufanywa ndani, kidogo kidogo, na wageni wa jana.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo orodha za ng'ombe haziwezi kulisema. Etale haiulizi mke alizaliwa lugha gani. Mwana wa Wakhayo aliyeolewa Amagoro aliweza kuingizwa ndani yake sawasawa na mwana wa Wateso wa ukoo mwingine, kwa kuwa wote wawili walikuwa wa nje kwa kipimo kimoja. Miaka ikipita yeye ndiye aliyekuwa akimwelekeza mke kijana afuatayo miiko ya ukoo ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa ndani yake. Hili laweza kueleza, kuliko sababu nyingine yoyote, jinsi Wateso wa Kenya, wakiwa wachache na wamezungukwa na Wabantu, na wengi wao wakizungumza Kiluhya, walivyobaki Wateso. Walikuwa na chombo cha kuwapokea wanawake wa majirani. Binti wa Kiteso aliyeolewa kwa Wasamia au Wamarachi alikutana na utaratibu wa namna nyingine: alitambuliwa mapema na kwa shangwe zaidi, lakini jina la Abamia liliweza kumfuata nyuma ya mafiga yake.

Sheria za dola mbili zilipokuja hazikuuliza lolote katika hayo. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa Himaya ya Afrika Mashariki aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila hakuwa mke mbele ya sheria ya ushahidi, akiuona uhusiano huo kuwa ununuzi. Neno "bei" lilikuwa limetoa hukumu kabla ya jaji. Uhuru ulipopatikana, Eugene Cotran alikusanya sheria za mila za Kenya juu ya ndoa na talaka katika kitabu cha 1968. Ilikuwa kazi ya thamani, kwa maana iliitoa mila katika dharau. Lakini iliipanga kabila kwa kabila, kila sura na milango yake imefungwa. Mahakama zikapata mahali pa kufungua kitabu. Hazikupata mahali pa kufungua pale ambapo mume yumo sura moja na mke sura nyingine. Shauri la maziko ya S. M. Otieno mwaka 1987 lilionyesha matokeo yake: mke alikuwa Mkikuyu, ukoo wa mume ulikuwa wa Siaya, jirani na Busia, na Mahakama ya Rufani ikaamua kwa mila ya upande mmoja. Mpakani, ambako kwa desturi mke anayekufa kabla mali haijatolewa anaweza kudaiwa na nduguze hata akiwa jeneza, watu walilisikia shauri hilo kwa masikio yao wenyewe.

Wakati huo huo ng'ombe walikuwa wakitoweka ng'ambo. Kati ya 1986 na miaka ya mwanzo ya 1990, uvamizi wa wezi wa mifugo kutoka Karamoja pamoja na uasi na vita katika Teso ya Uganda viliyaacha mazizi karibu matupu, katika nchi iliyokuwa maarufu kwa maksai wake. Wakimbizi walivuka Malaba na Busia kwenda kwa jamaa. Palipokuwa na binti wa kuolewa na hapana zizi, ahadi zilichukua nafasi ya mifugo. Na ahadi, tofauti na ng'ombe, haiwezi kupelekwa kumwolea kaka mke. Tauni ya karne ya kumi na tisa iliukata mzunguko huo huo, ila safari hii hapakuwa na jembe la Samia la kushika.

Sheria za karibuni zimejaribu kuingia hapo. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale ambapo mahari yanahitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Nchini Uganda, shauri lililoletwa na MIFUMI, shirika lenye chimbuko lake Tororo, mwendo mfupi kutoka Malaba, liliamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Agosti 2015: mahari yenyewe hayavunji katiba, lakini kumlazimisha mwanamke kuyarejesha ili apewe talaka kunaivunja. Ni uamuzi wa haki, na waliougharimia kwa machozi ni wanawake waliobaki katika nyumba za mapigo kwa kuwa kaka zao walikuwa wamekwisha kuwaolea ng'ombe. Hata hivyo sheria zote mbili zinaizungumzia ndoa kama jambo la malipo: ya kwanza yauliza ni kiasi gani kinatosha kutolewa, ya pili yauliza kama kirejeshwe. Mwanamke wa Kikhayo ambaye ametawazwa katika etale ya ukoo wa mumewe, akazaa, akawapokea wake wadogo, naye hakutolewa hata mbuzi, ana ushahidi wa ndoa ambao hauingii katika swali lolote kati ya hayo mawili. Mashahidi wake ni wanawake, na walichokifanya walikifanya ndani ya nyumba. Wakiitwa kortini Busia, wataulizwa kwa Kiswahili, na neno la kwanza watakaloulizwa ni "mahari".